Gofu ya Jumamosi
Sisi tunaokutana kila Jumamosi kucheza gofu kwa dau la soda tuna ugonjwa mmoja: kila mtu anataka kupiga mbali. Mwenzetu akiwahi uwanjani, huchomoa ile fimbo ndefu na kuanza kuutandika mpira kana kwamba unamdai. Hesabu inamcheka. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 una pa, yaani mapigo yanayotarajiwa, ya 72, na 36 kati ya hayo ni ya kusukuma mpira taratibu shimoni, mawili kila shimo. Nusu nzima! Wiki iliyopita nilizamisha mpira wa pili bwawani, kijana anayenibebea fimbo akaniambia, "Mzee, acha shimo hili, tuendelee." Alikuwa sahihi, kwa sababu tunahesabu kwa mfumo wa pointi wa daktari Mwingereza, Frank Stableford: baada ya kukatiwa handikapu, yaani mapigo ya nafuu kulingana na uwezo wako, pa ni pointi 2, ukizidisha pigo moja unapata 1, na ukiboronga kabisa ni sifuri, hata uzame mara kumi. Basi Jumamosi hii njooni nusu saa mapema, fimbo ndefu zibaki mfukoni, tujizoeze kusukuma mipira kutoka mita moja.