Rangi ya kalipa si urembo mtupu

Ukionekana Jumapili umechuchumaa kando ya gari mtaani, brashi mkononi, kalipa ya breki imeanza kuwa nyekundu, lazima mtu apite akuulize: "Bosi, hiyo itafanya gari ikimbie?" Mwingine atacheka kwamba hayo ni mambo ya vijana wa Subaru. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja, atauliza kwa nini hizo pesa hukununulia padi mpya. Mimi nina msimamo kuhusu jambo hili, na nauandika hapa niwe naelekeza watu badala ya kurudia maneno yale yale kila wikendi. Paka kalipa rangi. Tena paka mwenyewe, nyumbani. Lakini gurudumu liwe limetoka. Kama gurudumu halitoki, acha kabisa.

Kwa wasioijua, kalipa ni ile sehemu ya chuma iliyoshika diski ya breki kama koleo. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma padi, padi zinabana diski pande zote mbili. Mwendo wa gari unageuka joto pale pale. Tufanye hesabu kidogo: gari la kilo 1,000 likienda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya kilojuli 247 hivi. Hiyo inatosha kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi karibu 80. Yaani umesimamisha gari mara moja tu kule Outering, na maji ya chai yako yamefika mbali. Sehemu kubwa ya joto hilo inabaki kwenye breki za mbele, na ndiyo maana rangi ya geti haifai hapa. Itababuka, itanuka, na baada ya miezi michache utakuwa na kitu kibaya kuliko ile kutu uliyokuwa ukiificha.

Nyekundu hii ilitoka wapi? Zamani rangi ya kalipa ilikuwa na maana, kama namba ya toleo kwenye programu. Subaru Impreza WRX STI ilikuja na kalipa za Brembo za rangi ya dhahabu, na ukiziona kwenye kioo cha nyuma ulijua wa kumpisha. Porsche wao wakatumia njano kwa breki zao za kauri. Sasa ukipaka nyekundu kwenye Vitz ya lita moja, ni kama kuandika "toleo 2.0" kwenye programu ambayo hujabadilisha mstari hata mmoja. Sina shida na hilo. Hata kwenye kompyuta watu hubadilisha picha ya nyuma na hakuna anayewashtaki.

Na Eastlands hatuwezi kujifanya hatujui raha ya chuma kilichopakwa rangi. Hapa ndipo nyumbani kwa matatu za 58 za Buruburu, zilizowafanya watoto wasubiri stejini waone gari fulani likipita. Sheria za Michuki zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa njano, na michoro ikafifia kwa miaka. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, ikarudi kwa fujo. Kwa hiyo anayeniambia rangi kwenye gari ni ushamba, namuuliza alikulia wapi.

Kinachoniudhi ni kitu kingine. Kuna biashara imezuka kwenye maegesho na sehemu za kuoshea magari: jamaa anakuja na kopo la kupuliza, anaingiza mdomo wa kopo katikati ya matundu ya rimu, fyuu, fyuu, dakika kumi, magurudumu manne, lete pesa. Hajaosha. Hajafunika. Rangi imeingia kwenye diski, imeingia kwenye padi, imepaka mpira unaozuia vumbi lisifike kwenye pistoni. Kutu iko chini yake inaendelea na kazi. Kibaya zaidi, gari sasa linaonekana limetunzwa. Likipelekwa kuuzwa wiki ijayo, mnunuzi ataona kalipa zinang'aa na kudhani mwenyewe alikuwa mtu makini. Ukienda kununua gari lililotumika na ukute kalipa ni mpya kwa rangi, omba gurudumu litolewe. Akikataa, umeshapata jibu.

Wengine hata rangi hawataki, wanabandika kava za plastiki zilizoandikwa Brembo juu ya kalipa ya kawaida. (Brembo ni kampuni ya Italia ya tangu 1961, sijui kama wana habari kwamba wamefika Donholm kwa njia hii.) Plastiki kando ya kitu kinachochemka, imeshikwa kwa gundi au waya, sentimita chache kutoka kwa rimu inayozunguka. Hapo sina la kusema kwa utani. Itoe leo.

Sasa nirudi kwenye msimamo wangu, na hapa nazungumza kama mtu wa kuandika programu. Kwenye kazi yetu hakuna mteja anayekulipa usafishe msimbo wa zamani. Ukimwambia unahitaji wiki moja kupanga upya kitu kinachofanya kazi, anakuangalia kama mwizi. Lakini akitaka rangi mpya kwenye ukurasa wa mbele, ah, hapo muda unapatikana. Na waandishi wengi wa programu tumejifunza kutumia nafasi hiyo: umefungua faili kwa ajili ya rangi, unakutana na uozo, unautengeneza ukiwa humo humo. Gari ni vivyo hivyo. Ni nani hapa Umoja anaamka Jumapili akasema, "leo nitatoa magurudumu niangalie padi"? Hakuna. Tunasubiri mpaka breki zilie. Lakini kwa ajili ya nyekundu, mtu atanunua brashi, ataazima jeki, atashinda juani saa tano. Rangi ndiyo inayomfikisha mahali ambapo hatari ilikuwa imejificha.

Na ukishafika, macho yako yana kazi. Padi ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje, au kinyume chake, pini ambazo kalipa huteleza juu yake huenda zimekwama, au pistoni yenyewe. Padi ikibaki milimita 3 usianze kubishana nayo, badilisha. Diski nyingi zimechongwa unene wake wa chini kabisa, tafuta maandishi "MIN TH" pembeni au katikati kwenye kitovu. Ukiona unyevu wa mafuta kuzunguka pistoni, au mpira wa vumbi umepasuka, au paipu ya mpira ina nyufa, weka brashi chini. Hapo si kazi ya rangi tena, mwite fundi, na usiendeshe. Haya ni muhimu zaidi kwetu kwa sababu magari yetu mengi huingia yakiwa yametumika, sheria ikiruhusu hadi umri wa miaka minane, na yale yaliyoishi sehemu za Japani zenye theluji yamepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi. Juu gari linang'aa kama jipya. Chini ni hadithi nyingine.

Kazi yenyewe haina uchawi. Legeza nati kabla hujainua gari. Tafuta mahali tambarare pa sakafu ngumu (wenye korti za Buruburu mna bahati), weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, na gari likae juu ya stendi za chuma. Usiliache juu ya jeki peke yake, wala usiweke mawe ya ujenzi. Jiwe hupasuka bila kutoa taarifa. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, maana huwezi kujua padi za bei ya chini zimetengenezwa na nini. Lilowanishe, lioshe, watoto wakae mbali. Kisha brashi ya waya, msasa, na dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke safi. Nusu ya kazi yote ni hapa, na ndipo wengi wanakimbia.

Kuhusu rangi, soma kopo. Dukani Kirinyaga Road utauziwa ya ekzosi iliyoandikwa nyuzi 600 na uambiwe ndiyo kiboko. Joto itavumilia, ila nyingi za aina hiyo hazikauki sawasawa mpaka zichomwe, na mafuta ya breki yakizigusa hutoka kama ngozi ya nyoka. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hubabua rangi nyingi, hata ya bodi. Mimi napendelea ile ya kalipa yenye makopo mawili, rangi na dawa ya kuigandisha, inayopakwa kwa brashi. Brashi inafaa mtaani kwa sababu hakuna kinachoruka kwenda kwenye gari jeupe la jirani. Koti mbili nyembamba, asubuhi kabla upepo haujaleta vumbi.

Usipake pistoni, mipira, pini, nipo ya kutolea hewa, mahali padi zinapokaa na kuteleza, uso wa diski, wala sehemu ya kitovu inayogusana na rimu. Kila moja ina sababu. Rangi kidogo tu pale padi inapoteleza inatosha kuikwamisha, na hapo umenunua tatizo kwa pesa zako. Ukifungua kalipa kutoka mahali pake, ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa paipu yake. Pini zipake grisi ya silikoni, si ile ya kawaida, kwa sababu ya kawaida inavimbisha mipira ya breki. Na magari kama Vitz na Probox nyuma mara nyingi ni dramu, hakuna kalipa huko, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Dramu ipake nyeusi, inapendeza zaidi.

Rafiki yangu mmoja ananiambia haya yote fundi wa jua kali Kariobangi angeyafanya kwa saa moja. Kweli, na atayafanya vizuri, mkono wake umezoea. Ila fundi akishamaliza, yeye ndiye anayejua hali ya breki zangu, mimi ninajua rangi tu. Nataka iwe mimi. Siku fundi yeyote atakaponiambia padi zimekwisha, nitakuwa nimeziona mwezi uliopita kwa macho yangu.

Ukirudisha magurudumu, kabla hata hujawasha injini, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, hasa kama uliisukuma pistoni ndani. Pedali inayozama hadi chini mara ya kwanza imewahi kugonga kuta nyingi za maegesho. Kaza nati kwa mpangilio wa kukingamana gari likiwa chini, zunguka korti polepole ukijaribu breki, na baada ya kilomita 50 hivi kaza nati tena.