Faida ya Kilima Kidogo

Watu wengi hudhani ya kuwa mlima usio mrefu haustahili kupandwa. Wakisikia habari za Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, na za Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni mwaka 1889, husema, "Sisi wa Iguguno tuna nini? Vilima vyetu ni mawe matupu." Mimi nasema sivyo. Kilima kidogo kilicho karibu na kwenu chaweza kukufundisha neno ambalo mlima mkubwa wa mbali hauwezi.

Panda asubuhi, jua lisijawa kali. Utapita katika mashamba ya mtama na alizeti, kisha katika vichaka, kisha juu ya majabali. Nenda polepole, maana akimbiaye huishiwa pumzi katikati ya njia. Ukifika juu, keti, utazame pande zote. Nyumba yenu itaonekana ndogo kama kiberiti, na barabara iendayo Singida kama uzi.

Sasa tazama tena. Mahali penye miti na majani, maji ya mvua hutulia na kuzama, na udongo hukaa. Mahali palipokatwa miti, maji hukimbia, huchukua udongo na kuchimba makorongo. Mtu aliye bondeni huona korongo la shambani mwake tu, naye humlaumu jirani. Aliye juu huona lilikoanzia. Tena maji ya nchi hii hayafiki baharini; huishia katika maziwa ya bara, kama Kitangiri na Eyasi. Udongo uliochukuliwa na maji haurudi shambani.

Labda mtu atauliza, "Kuni tutapata wapi?" Swali hilo ni la haki, kwa maana mama zetu hawana budi kupika. Lakini matawi makavu huokotwa, na miti ya kuni hupandwa kando ya shamba. Miti ya kilimani na iachwe. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, ninyi wanafunzi, pandeni kilima chenu. Mwenyezi Mungu alitupa macho ili tuone, na mikono ili tutunze tulichokiona. Mkishuka, msishuke na kuni mbichi. Waelezeni wazazi wenu mliyoyaona, kisha msaidiane nao kupanda miti mvua zinapoanza.