"Mama, huyu ndege anaitwaje?"

Asubuhi moja ya baridi Mbeya, ukungu haujaondoka Loleza, mtoto wa darasa la tatu anavuta kanga ya mama yake. Kwenye maua ya uani ametua ndege mdogo wa kijani anayeng'aa, mkia mrefu, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. "Mama, huyu anaitwaje?" Mama anakoroga uji. "Hummingbird," anajibu. Ndivyo alivyoona kwenye simu.

Jibu la haraka, na si sahihi. Ndege hao wa kwenye simu wako zaidi ya aina 300, na wote ni wa mabara ya Amerika, Afrika hawapo. Siku mtoto akilikuta hilo kitabuni, atayatilia shaka na majibu mengine ya mama.

Wa uani ni chozi. (Ndiyo, kama chozi la kulia, mwache acheke kwanza.) Wote wawili hunywa maji matamu ya maua, ndiyo maana midomo yao inafanana, lakini hawana undugu wa karibu. Yule wa Amerika huning'inia hewani akinywa, mabawa yakivuma. Chozi kwa kawaida hutua kwanza kwenye shina. Kiukoo yuko karibu zaidi na shomoro wa kwenye paa.

Mtoto akitaka kujua zaidi, mweleze kwamba wataalamu humpa kila kiumbe majina mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani kama ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Chozi huyu wa kijani mwenye mkia mrefu alipewa jina na Linnaeus wa Sweden mwaka 1766: Certhia famosa. Baadaye ilionekana ukoo ule si wake. Mwaka 1811 Illiger wa Ujerumani aliunda jenasi ya Nectarinia, na leo chozi huyu ni Nectarinia famosa. Ukoo umebadilika, "famosa" limebaki. Watoto huelewa upesi, maana wengi wanamjua shangazi aliyeolewa akabadili jina la ukoo, na nyumbani bado anaitwa vilevile.

Kisa cha jirani kinanoga zaidi. Mwaka 1981, kwenye msitu wa Mwanihana katika milima ya Udzungwa, inayogawanywa na Iringa na Morogoro, alipatikana chozi ambaye hakuwa kwenye vitabu vya wataalamu. Mwaka 1983 Jensen, mtaalamu kutoka Denmark, alimtangaza kwa jina la Nectarinia rufipennis, yaani mwenye mabawa ya rangi ya kutu. Naye akahamishwa, sasa ni Cinnyris rufipennis. Katika maandishi rasmi jina la Jensen huwekwa kwenye mabano, alama kwamba aliyempa jina alimweka kwanza kwenye ukoo mwingine. Ndege huyo haishi kokote duniani ila Udzungwa. Msitu ule ukiisha, litabaki jina tu.

Kama bibi yupo, aulizwe pia. Kinyakyusa, Kisafwa na Kihehe vina majina yao ya ndege, na hayo hayapatikani kirahisi kwenye simu.

Uji umeiva. Mtoto bado yuko mlangoni.

"Na yule wa kahawia anayemfuata?"

"Huenda ni jike lake."

"Naye anaitwa chozi?"

"Naye chozi. Njoo unywe uji, utachelewa."