"Nimekubali" Si Sawa na "Nitakubali"



Katika nikaha moja niliyoiandika daftarini, walii alitamka, "Nimekuoza binti yangu," naye bwana harusi, jasho likimtiririka, akajibu, "Nitakubali." Watu wakacheka. Sheikh hakucheka. Aliamuru tamko lirudiwe, mpaka kijana akasema, "Nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyoafikiana."

Sheikh alikuwa na haki, kwani silabi ile moja ndiyo iliyobeba mkataba. Kwa Kiarabu walii husema "zawwajtuka", na mume "qabiltu". Vyote viwili ni fi'il madhi, kitenzi cha jambo lililopita, hali ya kuwa ndoa haikuwapo kabla ya kutamkwa! Sababu ni kwamba fi'il mudhari hubeba wakati uliopo na ujao kwa pamoja, hivyo yaweza kudhaniwa kuwa ni ahadi tu. Madhi hukata shauri. Hapo msemaji hatoi habari. Neno lenyewe ndilo tendo. (Aliyesoma nahau ataikumbuka pia Surat An-Nahl, inayoanza kwa madhi juu ya jambo ambalo bado linangojewa.)

Kiswahili nacho kina upambanuzi wake. Ukisema "alikaa", huenda amekwisha kuondoka. Ukisema "amekaa", ukigeuka utamwona kitini. Vivyo hivyo "nilikubali" ni habari ya siku iliyopita, na huenda moyo umegeuka. "Nimekubali" ni tendo lililotimia na athari yake ingali ipo. Ndiyo maana masheikh wetu huifasiri "qabiltu" kwa -me-, wala si kwa -li-.

Mlango wa kutokea nao una silabi zake. Dada mmoja aliniuliza: mume wake akikasirika humwambia "nitakuacha", je, ameachika? Nikamjibu kama tulivyofundishwa, kwamba kauli ya wakati ujao ni kitisho au ahadi, na talaka haipiti kwayo. Ama "nimekuacha" ni tamko la wazi, nalo hupita hata likisemwa kwa mzaha.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mara ya mwisho, kwa zile kelele, hana hakika alisikia lipi. Hapo sikuthubutu kuendelea. Niliwapeleka wote wawili kwa kadhi, naye alimgeukia mume kwa swali moja tu: "Ulisema nitakuacha, au nimekuacha?"