Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Kazi juu ya Ujira wa Saa za Ziada

Mheshimiwa Kamishna wa Kazi, Tanzania Bara,

Naleta mbele yako shauri la hati za mshahara ambazo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe iliagizwa, ikasimamiwa na ikatimizwa kwa Kiswahili tangu asubuhi hata usiku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imebainisha kwamba saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na kwamba kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Jambo hilo likisemwa hivyo, hata mchukuzi asiyepata kuketi darasani hulipima. Walakini likishafupishwa kuwa herufi mbili za Kiingereza na rakamu 1.5 pembeni mwa karatasi, mfanyakazi hushika jina tu, ovataimu, na kiasi chake humwachia karani.

Natufanye hisabu. Mtu apokeaye shilingi 390,000 kwa mwezi, kwa saa 45 kila juma, mshahara wake ukigawanywa kwa 4.333 na kisha kwa saa hizo, kama jedwali la sheria liagizavyo, saa yake moja ni shilingi 2,000, na ya ziada ni 3,000. Akifanya saa 30 za ziada, haki yake ni shilingi 90,000. Lakini akidhani, kama niwasikiavyo wengi wakidhani, kwamba ile nusu ndiyo malipo yenyewe, atapokea 30,000 na kushukuru, na thuluthi mbili za jasho lake zitapotea pasipo yeye kujua kwamba ana dai. Dhulma ya namna hii inaniuma kupita ile ya wazi, maana haina mlalamikaji.

Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo kimekwisha mtwika mwajiri dhima ya kumweleza mfanyakazi, kwa namna aifahamuyo, masharti asiyoyaelewa. Madhali mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu, nakuomba uwaagize waajiri kwa waraka watoe hati za mshahara kwa Kiswahili, zenye saa za ziada, kiwango cha kila saa na jumla yake. Na maafisa wako, waendapo kukagua, wasitosheke na majalada ya ofisini, bali wamwulize mfanyakazi mwenyewe saa yake moja ya ziada ina thamani gani. Waraka huo ungefaa utoke kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, ambapo wengi hubakizwa kazini.