Saa 40 si za kuzungukia uwanja tu

Ndugu mwandishi, kazi ya kujiundia ndege umeisifu vizuri, lakini majaribio ya angani umeyapitia haraka mno. Marekani, ndege za namna hii kwa kawaida hupangiwa saa 40 za majaribio bila abiria, au 25 kama injini na propela yake ni za aina iliyoidhinishwa. Wapo wanaozunguka juu ya uwanja mpaka saa ziishe. Inanisikitisha sana. Chukua kipimamwendo peke yake: kinaweza kudanganya kwa sababu tu ya mahali vilipowekwa vitundu vya kupokea hewa. Basi ruka pande tofauti, linganisha na GPS, ondoa athari ya upepo, andika tofauti kwa kila mwendo. Kisha tafuta mwendo ambao mabawa hushindwa kuibeba ndege, ikiwa nyepesi na ikiwa imeshiba mzigo. Joto la silinda, shinikizo la oili na mafuta yanayotumika viandikwe daftarini siku hiyohiyo. Namba za muuza vifaa vya kuundia ndege zilipimwa kwenye ndege yake, si yako, na atakayekuja kuinunua kwako ataruka kwa kulitegemea hilo daftari.