JUMBA LA MAAJABU LA ZANZIBAR: LIANGUKE TU?



Juma lililopita, katika somo la historia, mwalimu alituelezea habari za jumba la masultani wa Zanzibar linaloitwa Beit al-Ajaib, ndiyo kusema Nyumba ya Maajabu. Alipotuambia kwamba upande wake wa mbele ulianguka tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, na watu wawili wakafa, sote tuliwasikitikia wale wafu. Lakini mwenzetu mmoja akasema: "Hao watu, pole. Ila ile nyumba ianguke tu yote! Ni damu ya wankambo wetu." Darasa likapiga makofi.

Mimi sikupiga. Leo nataka kueleza juu ya nini.

Kwanza tulijue lenyewe. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883, mbele ya bahari, kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni wakubwa. Ni jumba la gorofa, refu kupita nyumba zote za muji ule wa zamani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Baraza pana zinalizunguka, zimesimama juu ya nguzo ndefu za chuma, na milango yake mikubwa ya mbao imechongwa kwa ufundi mwingi. Zanzibar nzima, taa za umeme ziliwaka kwanza pale. Tarehe 27 Agosti 1896 manuari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Jumba jirani, Beit al-Hukm, likavunjika kabisa, lakini hili likabaki. Kisha vita ile ndipo lilipowekewa munara wa saa upande wa mbele.

Sawa. Lakini feza ilitoka wapi? Sultani alipata mali kwa karafuu na kwa kodi ya forodha, na katika vitu vilivyolipa kodi ile pembe za tembo zilikuwa mbele. Na pembe mingi zilitoka wapi? Huku kwetu, Maniema! Nyangwe na Kasongo zilikuwa masoko makubwa, na Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo. Hapakuwa na treni wala lori. Pembe zilibebwa na watu, toka Lualaba mpaka ziwa Tanganyika, kisha Ujiji, Tabora, hata pwani. Ni safari ya miezi na miezi. Wengine walibeba kwa mushahara, wengine walibeba wamefungwa. Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, kwa kusukumwa na Waingereza, lakini huku kukamata watu kuliendelea mpaka vita vya 1892 hata 1894.

Basi mwenzetu alisema kweli juu ya damu. Alikosa juu ya kuanguka. Mutu akikuibia, utachoma karatasi inayoonyesha wizi wake? Sisi hapa Kailo hatuna ukuta hata mumoja wa kuonyesha mizigo ile ilifika wapi. Ukuta ule uko Zanzibar. Ukianguka, nani atafurahi? Ni yule anayetaka mambo yale yasahauliwe. Pale penye soko la watumwa Waanglikana walianza kujenga kanisa siku ya Noeli 1873, na mpaka leo anayeingia anauliza: hapa palikuwa nini?

Tena, tusijifanye wasafi. Wako wankambo waliobeba pembe, na wako wankambo waliobeba bunduki za wafanyabiashara wale na kuuza jirani zao. Na Kiswahili hiki tunachoimbia kanisani kilifika kwa njia ileile. Tutakitupa nacho?

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya: jumba lile lijengwe tena, lakini ndani yake pawekwe chumba cha wapagazi wa Maniema, ili mugeni anayesifu nguzo ajue pia mabega.

Na sisi tusingojee Zanzibar. Waisraeli walipovuka Yordani walisimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto wao waulize maana yake. Sisi mawe hatuna, lakini wazee tunao, nao wanakufa kila mwaka. Likizo hii kila mwanafunzi amuulize muzee mumoja wa kijiji chake: misafara ilipita wapi? Nani alienda asirudi? Aandike katika daftari, alete kwenye gazeti hili.

Yule mwenzetu aliyesema "ianguke" nimemuomba awe wa kwanza. Amekubali.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa sita